Ya Mezani au ya Kubeba

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na stesheni ya mabasi ya Gaborone haikuwa na pa kutia mguu. Mafuta ya magwinya, maandazi ya huko, yalinukia hadi madukani, watu wakipigana vikumbo. Ila alipopita Boitshepo, njia ilifunguka. Gauni jeusi hadi kisiginoni, kitambaa cheusi kichwani, shali jeusi lililobanwa kwa pini kifuani: mjane hagongwi bega. Naye hakujali. Tangu amzike mumewe Kagiso, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Duka la kompyuta alilokusudia lilikuwa limefungwa, akaingia la jirani. Mwenye duka, Otsile, alikuwa mwanamume wa maneno ya polepole, shati lake la bluu limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Boitshepo akamweleza kwamba nyumbani huchapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada, na kompyuta yake imekufa. Kazi yake ya mwisho ilikuwa programu ya mumewe.

Otsile akamnyooshea laptopu. Boitshepo hakuinua mkono. Ndipo Otsile alipokumbuka, akaiweka juu ya meza na kurudi nyuma, kwa kuwa aliyevaa nyeusi hapokei kitu mkononi mwa mtu.

"Samahani, mma. Mikono yangu imesahau."

"Haidhuru, rra."

Otsile akamweleza yote bila haraka. Hii umeme ukikatika inaendelea, na unaweza kuibeba hadi kwa wafiwa, wazee wakasahihisha majina ukiwa hapo hapo. Ile ya mezani skrini yake ni kubwa, na kibodi ikiharibika unabadilisha kibodi tu.

"Wewe ungechukua ipi?"

Otsile akamtazama kidogo, akainamisha macho. "Ya mezani. Ikae nyumbani."

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa amemwambia Boitshepo vivyo hivyo: ya mezani, mjane hazururi na mashine.

"Kumbe na wewe," Boitshepo akasema, akatoka.

Aliacha mezani programu aliyokuja nayo kama mfano, na nyuma yake palichapwa namba yake. Jioni Otsile akapiga simu, akauliza amemkosea nini.

"Hujanikosea. Kila mtu anataka nikae ndani. Umeongezeka mmoja tu."

"Sivyo, mma. Laptopu ungeibeba ukaenda zako. Ya mezani lazima mtu aje kufunga nyaya."

"Mtu gani?"

"Fundi."

"Na fundi ni nani?"

"Mimi."

Zamani angecheka. Sasa aliona tu kwamba chai yake imepoa, akainywa hivyo hivyo.

"Rra, mimi nimevaa nyeusi."

"Nimeona. Sitakuja. Nilitaka tu ujue sikutaka kukufungia."

"Hiyo laptopu niwekee hadi nivue," akasema, akakata.

Baridi ikaja, ikapita. Otsile alipiga mara moja moja, akauliza kama mvua imefika upande wao. Boitshepo alimjibu imefika, au haijafika. Kazi alichapia kwenye kompyuta ya jirani.

Siku ya kuvua nyeusi, mama mkwe mwenyewe alimwogesha, akamvika gauni jipya la kitambaa cha leteisi, la bluu lenye maua madogo meupe, lingali gumu kwa wanga. Nguo nyeusi zikachomwa. Wanawake wakapiga vigelegele, nyama ya seswaa ikatwangwa na kupakuliwa. Boitshepo alingoja furaha. Haikuja. Akala, akaosha vyombo.

Jumatatu alirudi stesheni. Mwanamke mwenye mkoba akamgonga bega, akapita bila hata kugeuka. Boitshepo alisimama pale kidogo, mkono juu ya bega, kisha akaenda.

Otsile alipomwona, alishusha laptopu kutoka rafuni, akaitoa kwenye chaji, akaiweka juu ya meza na kurudi nyuma kama siku ile. Boitshepo hakuigusa.

"Umebadili nia, mma? Ya mezani nayo ipo."

"Ya mezani utakuja kuifunga siku nyingine. Mama mkwe anaitaka, atazame ibada." Akainua mikono yote miwili. "Hii nipe mkononi."

Otsile akaiinua na kumpa. Vidole vyao vikakutana chini yake. Laptopu ilikuwa bado na joto la chaji, na joto hilo Boitshepo alilisikia. Lilikuwa vidoleni tu, halikufika mbali, lakini hakuondoa mikono.