Usiisingizie Transfoma

Mtaa wa vipuri haujui kunong'ona. Kila duka limetoa spika mlangoni, kila spika na wimbo wake, na mwenye duka akitaka kukutajia bei lazima akushike bega akupigie kelele usoni. Katikati ya vurugu hiyo Fundi alikuwa amesimama kwa ovaroli yake ya bluu na kilemba cha manjano kilichokaa upande, akiitazama transfoma ndogo ya amplifaya ambayo muuzaji ameichomeka kwenye umeme kumwonyesha kwamba ni nzima.

"Hiyo usichukue," sauti ikasema nyuma yake. "Inalia."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lililonyooshwa pasi likanyooka, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la mtaa lile halimhusu.

"Inalia wapi, na kelele zote hizi?"

"Weka sikio."

Akainama mpaka shavu likagusa chuma. Kweli, ndani kwa ndani kulikuwa na mtetemo mwembamba, bati halijakazwa. Fundi akainuka, akamkazia macho.

"Wewe ni mtu au popo?"

"Narekodi muziki studio. Wenzangu wananiita Masikio."

"Haya, Masikio, basi nichagulie wewe."

Akamchagulia. Aliyoichagua akambebea mpaka kituoni, na namba za simu zikabadilishana zenyewe. Watu husema mapenzi huingilia machoni. Ya hawa wawili yaliingilia sikioni, na nisingesema hivyo kama yasingekaribia kutokea huko huko.

Fundi alikuwa na chumba chake cha kazi uani kwa shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo. Humo aliunda amplifaya za watu wanaojua wanachotaka. Mafundi wengine wananunua opampu iliyo tayari, kidude kimoja cheusi cha kukuza sauti, chenye miguu minane, wanakichomeka, wamemaliza. Yeye aliziunda mwenyewe kwa transista moja moja, akizipima na kuzipanga mbili mbili zinazolingana nguvu, maana zisipolingana sauti inayumba. Shangazi alikuwa akipita mlangoni anatikisa kichwa.

"Transista zote humu ndani umeshazioza. Wewe unangoja nani akuoze?"

"Shangazi, jamani!"

"Nauliza tu. Mdomo wangu, sijaukodi."

Masikio aliomba amplifaya ya hedifoni, ndogo, safi, ya kusikilizia kazi zake. Ikawa ndiyo sababu ya kuja kila siku ya mapumziko, na asipokuja alipiga simu.

"Umekula?"

"Nachomea waya kwa risasi."

"Nimeuliza umekula, mpenzi. Sijauliza unafanya nini."

"Mate yangu nimemeza."

"Basi nakuja na chakula, na usiniwekee pasi yako ya kuchomea kwenye kiti kama juzi."

Fundi alikuwa hajawahi kupendwa namna hiyo. Na zaidi ya kupendwa, alikuwa hajawahi kusikika. Wateja walimsifu kwa boksi zuri na taa zinazowaka. Masikio alivaa hedifoni, akafumba macho, akasema, "Hapa umebadilisha kapasita," na kweli alikuwa amebadilisha. Mtu akikusikia hivyo, utamwachaje?

Siku moja Masikio alimposa pale pale, katikati ya moshi wa risasi, bila pete wala maneno mengi. "Nioe. Yaani, nikuoe. Unanielewa."

Fundi akaiweka pasi chini. Alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa mtu wa jambo moja kwa wakati mmoja, na tena alikuwa na majivuno kidogo, tusimfiche. "Siku amplifaya hii itakaponyamaza kabisa, utapata jibu lako."

"Basi imalize leo!"

Aliimaliza wiki iliyofuata. Pawasaplai, kile kipande cha kugawa umeme, yenye upande chanya na upande hasi, kila upande umesafishwa mara mbili. Waya zote za ardhi zimekutana sehemu moja, kama inavyotakiwa. Masikio akavaa hedifoni. Akakunja uso.

"Kuna mvumo."

"Hauko."

"Upo, mpenzi. Mdogo, lakini upo."

Fundi aliisogeza transfoma mbali. Mvumo upo. Akaigeuza upande. Upo. Akang'oa kapasita akaweka kubwa zaidi, akavunja waya za ardhi akazipanga upya, akaitoa transfoma nje ya boksi ikabaki inaning'inia kwa waya. Kila mara yeye alivaa hedifoni na kusikia kimya kitupu. Kila mara mita ilimwonyesha mstari ulionyooka. Na kila mara Masikio akatikisa kichwa. Siku zikaenda. Fundi akaanza kumtazama yeye badala ya mita. Mwanamume gani anasubiri jibu la ndoa, halafu kila akikaribia kulipata anasema bado?

"Kama umebadili nia, sema," alimwambia mwishowe. "Mimi ni mtu mzima. Lakini usiisingizie transfoma."

"Nimebadili nia? Mimi?"

"Mita haioni kitu. Mimi sisikii kitu. Ni wewe tu."

"Basi huna masikio!"

Lilimtoka, na neno likitoka halina mkia wa kulivuta lirudi. Fundi akamwonyesha mlango. Shangazi, aliyekuwa anafua uani, alimwona mkwe wake mtarajiwa akipita bila kuaga, akaelewa, akazikamua nguo kwa nguvu.

Simu zilikatika. Fundi alifanya kazi huku machozi yakidondokea mezani, akijiambia ni moshi. Alimchukia, akamkumbuka, akajichukia kwa kumkumbuka.

Masikio alirudi mwenyewe, mchana wa mvua, shati limegandana mwilini, halijapigwa pasi.

"Nimekuja kuomba radhi. Niache nisikilize mara moja tu. Nikisikia kimya, nitasema."

Fundi alimpa taulo. Hakumpa tabasamu. Akawasha amplifaya, Masikio akavaa hedifoni na kufumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, akijitahidi. Jasho lilimtoka juu ya maji ya mvua. Nje radi ikapiga. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Friji ya shangazi ikanyamaza ukumbini. Umeme umekatika mtaa mzima. Taa nyekundu ya amplifaya ikafifia pole pole, kapasita zikimaliza chaji yao ya mwisho, ikazima.

Masikio bado alikuwa amefumba macho.

"Unausikia?" alisema kwa huzuni. "Upo pale pale. Nisamehe, mpenzi. Siwezi kukudanganya."

Fundi aliitazama taa iliyozima. Alivuta waya, akaichomoa plagi ukutani, akaiweka kwenye kiganja cha Masikio na kuvifunga vidole vyake juu yake. Masikio akafumbua macho. Akaiangalia plagi. Akaitazama feni. Akavua hedifoni taratibu, akakaa akisikiliza, na Fundi akauona uso wake ukielewa.

"Bado upo," alisema. "Nimeshavua, na bado upo."

Daktari hakuwa na la kufariji. Miaka ya hedifoni masikioni imekula mishipa. Sikio la kushoto limeshapotea zaidi ya nusu na litaendelea, la kulia bado zima lakini alitunze kama mboni ya jicho. Mvumo hautatoka. Kazi ya studio, aache.

Kutoka siku ile Masikio hakupokea simu. Fundi alipiga asubuhi, akapiga mchana, akatuma ujumbe mpaka akaishiwa maneno.

"Mfuate," shangazi akamwambia. "Aibu ya mwanamume haina miguu. Haiwezi kuja yenyewe."

Alimkuta kwenye ngazi za studio, siku yake ya mwisho ya kazi, akikunja waya za maikrofoni. Alikuwa amekonda. Kaka yake amempatia nafasi kwenye duka la rangi mji mwingine, alisema; anaondoka kesho.

"Bila kuniaga?"

"Ulinipenda kwa masikio yangu. Sasa nikuletee nini?"

Fundi alikaa kando yake, bega kwa bega. Angeweza kusema uongo mtamu, na pengine wewe au mimi tungeusema.

"Kweli, nilikupenda kwa masikio. Hakuna mwingine aliyewahi kunisikia. Naumia, na nitaumia sana." Akavuta pumzi. "Na jibu langu ni ndiyo. Nimekubali kuolewa na wewe."

Masikio aliendelea kukunja waya, duara juu ya duara, macho barabarani. Watu walipita na mabegi yao.

"Umesema kitu?" aliuliza baada ya muda. "Samehe. Siku hizi sisikii vizuri."

Fundi alimtazama. Kicheko kidogo kikamponyoka.

"Nimekaa upande wako wa kulia, mpenzi. Nimeuchagua makusudi."

Waya ulisimama mikononi. Kidevu cha Masikio kikaanza kucheza.

"Nilitaka upate pa kutokea," alisema. "Useme hukusema kitu, uende zako."

"Mlango naujua. Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolisema." Machozi yalishuka, naye hakuyafuta. "Na huku kulia nako kutakuja kuziba, Fundi. Utakuwa unarudia kila neno."

"Nitarudia."

"Utachoka."

"Nitachoka, ndiyo," Fundi akasema, akauchukua waya na kuendelea kuukunja alipoishia yeye. "Nitachoka, nitakasirika, halafu nitarudia."