Klipu Tatu

Jirani yetu alikuwa daktari wa upasuaji, wenzake wakimwita Bi Sindano. Habari za uchawi alizicheka waziwazi, mpaka siku alipompasua fundi seremala mwenye uvimbe kwenye utumbo mpana.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Tumbo lingetobolewa matundu manne tu, kamera iingie, yeye afanye kazi macho yakiwa kwenye skrini. Dada mkubwa wa fundi, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa kwenye benchi la korido.

"Daktari, damu yake ikikataa kusimama, mnipe mimi mzigo wake."

"Damu ya akiba ipo, dada. Ondoa shaka."

"Sikusema akiba."

Bi Sindano akampigapiga begani, akaenda kunawa mikono.

Saa nzima mambo yalikwenda shwari. Kisha skrini ikawa nyekundu tupu.

"Fyonza!"

Msaidizi akafyonza. Damu ikajaa tena. Chupa ya mashine ya kufyonza ikafika nusu. Daktari wa usingizi akasema kwa sauti ya chini, "Presha inashuka. Inashuka sana."

Bi Sindano akapapasa kwa koleo refu ndani ya ule wekundu, akauona mshipa uliochanika, akaukamata.

"Klipu."

Akabana ya kwanza, kibanio kidogo cha chuma. Huko koridoni mtu akaguna.

Akabana ya pili. Mtu akapiga yowe, yowe la mwanamke.

Mkono wake ukasita. Wote waliusikia ule mlio. Wote walimtazama. Damu bado ilichuruzika.

Akabana ya tatu.

Kimya.

Skrini ikang'aa. Mshipa ulikuwa mzima, laini, kama haujawahi kuguswa. Hapakuwa na klipu hata moja.

"Sista, zimetoka ngapi?"

"Tatu, daktari."

"Ziko wapi?"

Muuguzi akanyoosha kidole. Alikuwa ameikodolea macho chupa ya mashine. Ilikuwa kavu.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mfanya usafi akanong'ona, "Daktari, yule mama wa kwenye benchi..."

Walimkuta ameketi wima, midomo myeupe kama karatasi, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Sakafuni hapakuwa na tone. Alikata roho kabla hawajamfikisha mezani.

Fundi alipozinduka hakumuulizia mtu. Alilia tu, uso ameugeuzia ukutani.

Jioni Bi Sindano akaomba marehemu apigwe picha ya eksirei ya tumbo. Ngozi aliikagua mwenyewe, inchi kwa inchi. Haikuwa na kovu wala tundu. Mpiga picha akamkabidhi filamu bila kumtazama usoni.

Akaiinua kwenye taa. Katikati ya tumbo la yule mama ziling'aa klipu tatu za chuma. Mbili zilikaa sawasawa. Ya tatu ilikuwa imepinda, kama iliyobanwa na mkono uliotetemeka.