Nyota Ndani ya Pilau

Sanduku la vifaa la fundi Gervas liliibwa Keko Jumapili mchana, siku tatu kabla ya Krismasi. Randa mbili, patasi, msumeno, tupa, vyote vikaenda. Kufuli halikuvunjwa. Basi Stanley, mlinzi wa karakana, mwenye ufunguo, akawekwa mahabusu.

"Mie nilienda kunywa chai tu, afande," alimwambia Inspekta Demetria. "Ufunguo niliutundika msumarini, kama siku zote. Sasa wanangu wale Krismasi bila baba?"

"Nani anaujua msumari huo?"

"Keko nzima."

Inspekta akarudi karakana, akapiga magoti kwenye maranda. Chini ya meza ya kazi akaokota kitu cha duara, cha shaba, kama sarafu. Upande mmoja kilichorwa nyota. Pembeni kilikatwa alama tisa kwa tupa, zimepangana vizuri.

"Sarafu ya wapi hii?" aliuliza Gervas, aliyehamia hapo kutoka Bunju mwaka huohuo.

"Si sarafu. Tazama, ina alama ya jino. Nani anang'ata shaba hivi?"

"Mwenye njaa," Gervas alitania.

Inspekta hakucheka. "Kweli. Alikuwa anakula, hakujua imo."

Hakwenda maabara. Alikwenda kwa Jesca, mama lishe wa jirani, akamkuta anachambua mchele.

"Jamani!" Jesca alisema alipoiona tu. "Si nyota ya Bibi Marietha wa Kiwalani hiyo!"

Bibi Marietha alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, miguu imevimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa mkekani. Kiti kilichukuliwa na mafuriko." Akaipokea ile shaba, akaipangusa kwa khanga. "Hii aliitengeneza marehemu mume wangu, Albano. Kila Krismasi naiweka kwenye pilau la mafundi wasio na ndugu hapa mjini. Anayeipata anakalia kiti cha Albano, haoshi chombo. Anaikata alama, anakaa nayo mwaka mzima, halafu anairudisha."

"Mwaka jana aliipata nani?"

"Venance, fundi wa huko Keko. Nusura avunjike jino!" Bibi akacheka. Kisha akaiona sura ya mgeni wake. "Kafanya nini mwanangu?"

Venance alikutwa uani kwake. Sanduku la Gervas lilikuwa wazi, na mbele yake kiti kipya cha mninga, kimebakiza mkono mmoja tu kukamilika.

"Hii yako?" Inspekta alimwonyesha nyota.

Akapapasa mfuko wa shati. Mtupu. Akakaa chini.

"Nimeiba, afande. Vifaa vyangu viliungua mwezi wa nane. Nilimwomba Gervas aniazime, akasema hamwazimi mtu asiyemjua. Ningevirudisha kabla ya sikukuu."

"Kiti cha nani?"

"Cha Bibi. Nilipotoka Masasi sikuwa na mtu hapa. Alinilisha mwezi mzima, hakuniuliza nitamlipa nini. Leo anakalia ndoo."

"Na Stanley anakalia sakafu ya mahabusu. Ulijua?"

Venance alilifunga sanduku la Gervas.

"Nilijua," akasema, akaanza kulia.

Gervas alipoitwa hakumtazama mwizi wake. Alikitazama kiti. Akakitikisa, hakikuyumba.

"Malizia huo mkono," akasema. "Mie nakushikia."

Kesho yake akaondoa malalamiko kituoni. Inspekta akaandika yote kwenye jalada, kosa na msamaha. Stanley alikuwa ameshatoka tangu jana yake.

Krismasi, Bibi Marietha aliwaalika wote, pamoja na wana wa Stanley. Venance akamrudishia Bibi nyota, akaomba radhi mbele za watu.

"Tuone pilau kwanza," alijibu Stanley.

Venance ndiye aliyepakua. Inspekta aliuona upawa ukichokora chungu muda mrefu kabla ya sahani ya Stanley.

"Jino langu!" Stanley alipiga kelele.

Nyumba nzima ikacheka. Bibi akaondoka kwenye kiti kipya kwa kujikongoja. "Kikalie, mwanangu. Mie nitakikalia kesho, na kila siku, namshukuru Mungu."

Stanley akaketi, wanawe wawili magotini. "Haya, nani ana tupa nikate alama yangu?"

Gervas akatoa tupa yake mfukoni. Akamkabidhi Venance.

"Mpelekee," akasema. "Ukimaliza kaa nayo, utanirudishia ukipata yako."