Mlima Uliojifunika Blanketi

Mjinga wa siku ile alikuwa Hanad, na ukimuuliza leo hakatai. Atacheka, atakuna kisogo, kisha atakwambia, “Ni mimi, wallahi. Usitafute mwingine.”

Kila asubuhi mjini Garissa, Hanad huwafungulia mbuzi wa nyanya yake, humpelekea birika la chai, kisha hukimbilia shule. Njiani kazi yake ni kusema tu. Ukitaja ngamia mkali, yeye amemkama mkali zaidi. Ukitaja mto Tana, yeye ameuogelea ulipofurika. Basi Mwalimu Ramlo alipotangaza kwamba darasa litazuru Chogoria, mji mdogo ulio mabegani mwa Mlima Kenya, Hanad alisimama kabla ya kuitwa.

“Mwalimu, huko mimi ni mwenyeji! Abti alinipeleka.”

Ukweli ni kwamba abti, yaani mjomba wake, ndiye aliyekuwa akipita huko na lori la mizigo. Hanad mwenyewe hakuwa amewahi kuvuka mji wa Mwingi.

Nyumbani, nyanya yake, Ayeeyo Maka, alimtazama kwa jicho la pembeni. “Wanasema juu ya mlima huo maji hulala yakawa mawe meupe, na jua linayatazama tu. Mimi sisadiki. Nenda ukaone kwa macho yako, uniambie.”

“Nitakwambia, Ayeeyo.”

Akaibeba ahadi hiyo, akaacha sweta. Mtu wa Garissa sweta ya nini?

Walifika Chogoria jioni, wakapewa bweni la shule moja ya huko. Mawingu yalikuwa yameuangukia mji kama chandarua. Meno ya Hanad yaligongana hadi Abdiqani, rafiki yake, akamuuliza kama anatafuna karanga.

“Kesho tukishaswali alfajiri,” alisema Mwalimu Ramlo, “tutatoka uwanjani tuutazame mlima kabla ya chai.”

Alfajiri! Hanad aliifikiria hiyo baridi, akakumbuka Julai ya kwao Garissa. Mawingu hutanda asubuhi, jua likipanda huyafukuza, na adhuhuri mbingu huwa safi. Mawingu ni mawingu, akawaza.

“Mwalimu, alfajiri hatutaona kitu. Mlima huu huonekana saa sita, jua likishayala mawingu. Ni mwenyeji anayesema.”

“Ulikuja lini wewe?” aliuliza Ikran, binamu yake.

“Zamani. Wewe ulikuwa mtoto.”

“Nimekuzidi mwaka mzima!”

Watoto walicheka. Lakini Mwalimu Ramlo, ambaye naye hakuwa amewahi kufika huko, alimwamini Hanad.

Kwa hiyo alfajiri waliswali ndani ya bweni, mapazia yakiwa yamefungwa, wakarudi chini ya blanketi kama vifaranga. Baada ya chai walitembea katika mashamba ya majani chai, na saa sita wakasimama uwanjani kuusubiri mlima.

Ukungu ulikuwa mzito hata magoli ya mpira hayakuonekana.

“Bado kidogo,” alisema Hanad.

Walisubiri. Vidole vilikufa ganzi. Abdiqani alipiga teke jiwe, likapotelea kwenye ukungu.

“Bado kidogo tu.”

“Hiyo ‘bado kidogo’ yako ina mwisho?” alifoka Ikran.

Mama Karimi, mpishi wa shule ile, alipita na sufuria ya githeri. “Mnangoja nini kwenye baridi, watoto wangu?”

“Mlima.”

“Mlima? Alfajiri ulikuwa pale, wazi kabisa, kileleni mweupe kama kichwa kilichopakwa chokaa! Huku jua likipanda, mlima unavuta blanketi. Kwani hamkumuuliza mtu?”

 Nyuso zote zilimgeukia Hanad.

“Sijawahi kufika hapa,” alikiri. “Ni abti tu.”

Ikran alianza kulia kwa hasira. Basi lilikuwa linaondoka saa nane, na halingengoja mlima uamke.

“Hanad,” alisema Mwalimu Ramlo, “ungesema ‘sijui’ jana, tungemuuliza Mama Karimi, na sote tungeuona. Uongo wako umewanyima wenzako walichokifuata. Nami nina kosa langu: nilimsikiliza mwenye sauti, nikamwacha mwenye mji.”

Hanad aliwaomba wenzake msamaha. Hata hivyo, njia nzima Ikran alimpa mgongo.

Walipofika Garissa, Abdiqani alimfuata hadi nyumbani, mkononi ana simu ya kaka yake. “Tazama, picha ya mlima, barafu tele. Mwonyeshe Ayeeyo. Atajuaje?”

Hanad aliitazama picha ile. Ilikuwa nzuri mno. Akamrudishia simu, akaketi mkekani mbele ya nyanya yake.

“Ayeeyo, sikuiona barafu. Mpishi wa huko ndiye aliyeiona. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi, na wenzangu hawakuiona kwa sababu ya uongo wangu.”

“Umeharibu!” alilalamika Abdiqani. “Sasa Ayeeyo hatasadiki kamwe kwamba kuna barafu!”

“Warya, wewe kijana, nyamaza,” alisema Ayeeyo Maka. “Mwongo angeniletea barafu hadi mlangoni. Huyu amekuja mikono mitupu, na ndiyo maana leo nasadiki.”