Duara la Maji Matupu

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Kijani alipitia chumba cha sayansi kutikisa chupa zake. Zilipangwa dirishani zipate mwanga, na ndani yake mlikuwa na mwani mdogo mno, usioonekana mmoja mmoja kwa macho, ila ukizaana hugeuza maji yote rangi ya majani mabichi. Chupa hizo ndizo zilizompa jina la utani. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Mapepe, msichana mwenye haraka ambaye hata chai aliinywa amesimama. Wawili hao walikuwa chanda na pete.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaeleza kwamba aina fulani za mwani huo hutengeneza kemikali za kujikinga, na baadhi ya kemikali hizo huzuia vijidudu visikue. Kuna dawa ambazo vijidudu vimeshazizoea, alisema, ndiyo maana wataalamu wanatafuta mpya hata kwenye maji ya dimbwi. Kijani aliyasikia hayo akimfikiria mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Mkasi ulimwangukia mguuni, kidonda kikakataa kupona, naye alikuwa amechoka kwenda zahanati kufungwa bendeji.

Siku ya jaribio, mwalimu aliandaa sahani ya kioo yenye jeli iliyopakwa vijidudu. Kilichobaki ni kuweka juu yake viduara viwili vya karatasi, kimoja kilichochovywa kwenye maji ya mwani, kingine kwenye maji matupu, ili kulinganisha. Penye dawa, vijidudu havioti, na jeli hubaki safi. Lakini ilimbidi Kijani aondoke mapema ampeleke mama zahanati. Alimkabidhi Mapepe kibanio cha kushikia karatasi, naye Mapepe akamwambia aende bila wasiwasi wowote.

Sahani ilipotazamwa tena, vijidudu vilikuwa vimetanda kama utando wa maziwa, ila kukizunguka kiduara cha mwani palikuwa na duara pana, safi kabisa. Darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu akasema kazi hiyo atamwonyesha mfamasia wa hospitali, aliyekuwa akija kuchagua mwanafunzi wa kujifunza maabara kwake wakati wa likizo. Kiduara cha maji matupu hakuna aliyekijali. Kilikuwa ukingoni, kimefunikwa na utepe uliofunga sahani.

Kwa furaha, Kijani alijaza kichupa maji ya kijani akampelekea mama, bila kumwuliza mtu. Mama aliyanusa, akasema yananuka kama mtungi usiooshwa, lakini ikiwa yameua vijidudu vya shule hayatashindwa na vya mguu wake. Akakiweka kando ya cherehani, akitumie kesho yake akishamaliza kushona sare za watu.

Kesho yake Kijani alikaa kuichora sahani kwa ajili ya mgeni. Mtu akichora hana budi kutazama kila pembe, naye alipoinama kuchungulia chini ya utepe, aliona duara la pili. Lilikuwa dogo, lakini safi, na katikati yake kilikaa kiduara cha maji matupu. Akatazama tena. Tangu lini maji ya bomba yakaua vijidudu?

Alimfuata Mapepe uwanjani. Kwanza Mapepe alicheka, akasema labda ni bahati. Alipoona mwenzake hacheki, akasema kweli. Karatasi ya mwani alikuwa ameichovya kwenye dawa ya kusafishia vyoo, kisha kwa haraka zake akaishika ya pili kwa kibanio kilekile, hata hakukifuta. Njia ya mwongo ni fupi.

"Nilifanya kwa ajili yetu sote," alisema. "Au ulitaka tushindwe?"

"Nilikwenda kumpeleka mama yangu na kidonda chake," Kijani alijibu. "Nikakuachia wewe, kwa sababu ni wewe."

Iliuma sana. Kama Mapepe angekuwa adui, Kijani angejua la kufanya, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Ndipo alipokikumbuka kile kichupa. Alitoka getini mbio bila ruhusa ya mtu.

Alimkuta mama amefungua bendeji, kizibo cha kichupa kimeshatoka.

"Usipake, mama. Ni uongo."

Mama alikirudisha kizibo, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma akamwambie mwalimu siku hiyohiyo.

Jaribio lilirudiwa kwa kibanio safi. Mfamasia alipofika, pembeni mwa mwani hapakuwa na duara lolote. Hakuwacheka. Aliwaeleza kwamba mwani mwingi unaopimwa hauonyeshi kitu, na hata ule unaofaa, kemikali yake hutolewa, ikasafishwa na kupimwa miaka mingi kabla haijagusa kidonda cha mtu, kwani maji ya chupa yana vijidudu vyake. Akauliza ni nani aliyeliona duara la maji matupu, na huyo ndiye aliyemchagua. Zahanati nayo ilimbadilishia mama dawa, na kidonda kikaanza kufunga.

Kwa siku kadhaa Kijani alikaa dawati jingine. Mwishowe Mapepe alikuja nyumbani kuomba radhi, akasimama mlangoni. Mama alisimamisha cherehani.

"Mwanangu, ulidhani unaidanganya sahani," alisema. "Lakini uongo ukishatoka mkononi mwako, huuchagulii tena pa kwenda. Wako ulitoka shuleni ukaja ukakaa hapa, kando ya cherehani yangu. Ilibaki kidogo tu uingie mguuni mwangu."

Mapepe alilia. Kijani hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alimsogezea kigoda akae.

"Kesho njoo mapema tutikise chupa," alisema. "Ila kibanio nitashika mwenyewe."