Sanduku Jekundu la Zahanati

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Ukimkorofisha, alikuchoma papo hapo.

Kitinda mimba wake walimwita Kasuku. Mtoto huyo aliongea kutwa. Aliongea na kuku, aliongea na vitambaa, aliongea hata mdomo ukiwa umejaa chakula.

"Mama, kwa nini kifungo kina matundu manne?"

"Ili wewe upate la kuuliza. Niokotee uzi huo."

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mto ulijaa, maji yakafunika daraja. Mama Sindano alikuwa anashona sare ya shule. Ghafla akashtuka. Kasuku alikuwa kimya.

Akageuka. Mtoto ameshika ukingo wa meza. Mabega yanapanda na kushuka. Kifua kinalia kama filimbi.

"Pumu! Jamani, mwanangu!"

Akambeba, akakimbia naye kwenye tope hadi zahanati. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo hakufikiki.

Nesi alikuwa peke yake. "Mkalishe! Usimlaze. Akikaa wima atapata hewa zaidi."

Kisha nesi akaenda kwenye sanduku jekundu lililoandikwa DHARURA. Akaligusa, akasimama tu.

"Mbona umesimama?" Mama Sindano aliuliza.

"Dawa ya kupuliza imo humu. Lina kufuli. Ufunguo anao daktari."

"Daktari yuko wapi?"

"Mkutanoni. Ng'ambo."

Mama Sindano hakuamini masikio yake. "Dawa ya dharura mnaifungia? Nani kawaroga?"

Nesi aliinamisha kichwa, akaeleza haraka haraka. Mwaka uliopita wakaguzi walikuta vitu vimepungua sandukuni. Walimfokea daktari mbele ya watu. Tangu siku hiyo akalitia kufuli, ili wakija tena walikute limejaa. Kumbe sanduku lile lilikuwa linawasubiri wakaguzi, si wagonjwa!

Nesi alimpigia daktari simu, akaiweka kwa sauti.

"Msivunje kitu," daktari alisema. "Nisubirini. Maji yatapungua tu."

Mama Sindano akainyakua simu ile. "Mwanangu hana pumzi za kukusubiria wewe na maji yako!"

Mlangoni palikuwa na jiwe la kuzuia mlango usijifunge. Akaliinua kwa mikono miwili, akalipiga kufuli. Akapiga tena. Likaachia.

Nesi alisoma tarehe ya dawa. Ilikuwa bado nzuri. Haraka akatoboa kitako cha chupa tupu ya maji, akachomeka dawa hapo, akauweka mdomo wa chupa kwenye mdomo wa mtoto. "Nikibonyeza, vuta hewa taratibu. Vizuri. Tena." Wakarudia mara kadhaa. Pole pole mabega yakatulia.

Kasuku alifumbua macho, akatazama sakafuni. "Mama, umevunja kitu cha daktari."

Mama Sindano akacheka na kulia kwa pamoja.

Mto ulipopungua, daktari alirudi. Alikuta mama na mtoto bado wapo. Macho yake yakaenda kwanza kwenye kufuli.

"Nani kavunja?"

"Mimi!" Mama Sindano alisimama. "Na ukiweka jingine, nalo nalivunja! Unaona aibu ya kufokewa, huoni aibu ya kumzika mtoto na dawa ipo? Tazama na tochi yenu hii ya humu sandukuni. Betri zimevuja, haiwaki. Ingewakaje na hakuna anayefungua humu? Sanduku la maonyesho! Hata haya hamna!"

Daktari alikaa kwenye benchi. Alimtazama Kasuku. "Niliogopa," alisema. "Nisamehe, mama."

"Na mimi nina kosa," nesi alisema. "Nilijua ufunguo unaondoka nawe, nikanyamaza. Lakini daktari, mto huu unajaa kila msimu. Si jambo la kutushtukiza. Tupange kabla mvua hazijaja."

"Tukiondoa kufuli, vitu si vitaibiwa?"

"Tufunge kwa kitu cha kukatika kwa mkono. Tukikuta kimekatika, tunajua limefunguliwa. Tunarudishia kilichotumika siku hiyo hiyo. Na kila Jumatatu tunakagua tarehe za dawa na kuwasha tochi."

"Utepe nitashona mimi," Mama Sindano alidakia, bado amekunja uso. "Mshono mwepesi. Hata Kasuku ataukata."

Nesi akaendelea. Namba za simu za kuomba msaada ziandikwe ukutani, kubwa, kila mtu azione. Ipo njia ya mlimani isiyofurika, ila ni ndefu, haiendeki kwa miguu, basi wakubaliane mapema na mwenye gari wa ng'ambo apite huko. "Halafu tufanye mazoezi," alisema. "Mpango usiojaribiwa ni maneno matupu."

Wiki iliyofuata walifanya zoezi. Daktari alijifanya mgonjwa, akalala kwenye machela. Machela ikakwama mlangoni, benchi limeziba njia.

"Mgonjwa keshakufa huyo!" Mama Sindano alisema. Watu wakavunjika mbavu. Benchi likahamishwa siku hiyo hiyo.

Mvua zilirudi, mto ukajaa. Kasuku alibanwa tena na pumu, mama yake akiwa sokoni. Jirani alimfikisha zahanati. Safari hii nesi alivuta utepe mara moja, ukakatika. Mama alipofika anahema, alimkuta mwanawe anamsimulia daktari habari za kuku.

Baadaye mkaguzi alikuja. Mama Sindano alikuwa pale, ameleta utepe mpya. Mkaguzi alikunja uso.

"Sanduku la dharura halina kufuli? Nani ameruhusu?"

Zamani daktari angetetemeka. Sasa alifungua droo, akatoa kufuli lililovunjika, akaliweka mezani.

"Kufuli ni hili. Lilibaki kidogo liue mtu. Niandike utakavyo, sirudishi."

"Liue nani?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi," Kasuku alisema, akajisogeza mbele. Akaanza kusimulia. Alieleza filimbi ya kifuani, jiwe la mlangoni, chupa ya maji, hata machela iliyokwama. Hakupumzika hata mara moja. Mama yake, aliyezoea kumwambia anyamaze, alimwacha aseme yote.