Nishani Aliyonipokelea Mume Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na saba. Ni mwalimu, na ninaishi peke yangu Likoni. Hadi leo siwezi kutulia mahali watu wanapotunukiwa. Makofi yakianza, mimi huinuka... hutoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Wenzangu hudhani nina maradhi ya moyo. Huenda hawakukosea!

Wasomaji wenzangu, haya yalinifika Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Nilikuwa nimerudi kutoka Unguja nilikosomea ualimu, nikaolewa na Bwana Athmani, karani wa bandarini, mpole wa maneno na mtanashati wa mavazi. Hapa Likoni palikuwa na chama cha kuwaendeleza vijana. Wavulana walifundishwa useremala, wakacheza kabumbu. Wasichana je? Hawakuwa na lolote. Nikamwomba ruhusa mume wangu, nikatandika mikeka uani kwetu, nikaanza kuwafundisha kusoma, hesabu na kushona. Nilijitolea kwa moyo wangu wote.

Miongoni mwao alikuwapo Mwanakombo, binti wa muuza nazi. Alimaliza hesabu kabla sijamaliza kuisema, kisha akawafundisha wenzake kwa sauti yangu, mikono kiunoni kama mimi, hata tukacheka sote! Niliazimia aende chuoni Unguja. Nafasi ilikuwa moja tu, na afisa wa elimu, Mzungu, alitaka neno la mtu anayeaminiwa na chama.

Ndipo chama kikatangaza sherehe ya kuwatunuku nishani waliojitolea na wafadhili wake. Nami nilikuwamo! Sikufurahia nishani yenyewe. Nilifurahi kwa sababu neno la mwenye nishani lingemfikisha Mwanakombo chuoni.

Lakini kwetu, enzi hizo, mwanamke wa heshima hakutajwa jina mbele ya hadhara ya wanaume, sembuse kusimama mbele yao. Hata ndoa tulisemewa na mawalii wetu, baba au kaka. Mavyaa wangu, mama mzaa mume wangu, akaniuliza, "Mwanangu, jina lako likishapita vinywani mwa wanaume wote hao, utalirudisha vipi?"

Mume wangu akasema atanipokelea, na atawaeleza kuwa kazi ni ya mkewe. "Wallahi nitasema, Rukia. Kwani mimi nimefundisha nini? Hata uzi sijui kuutia kwenye sindano!"

Tukacheka. Nikampigia kanzu yake pasi, huku nikimsimulia tulivyoanza na shida tulizopitia, ili apate la kusema.

Siku ya sherehe, wanawake tuliketi nyuma ya pazia la turubai. Nikasikia mume wangu akiitwa. Nikamsikia akieleza yote niliyomsimulia... mikeka, ua, wazazi waliokataa mwanzoni wakaja wenyewe baadaye. Nilikuwa nikingoja neno moja tu: mke wangu. Nikangoja... Akashukuru, makofi yakavuma, akaketi!

Jirani yangu Bi Zuhura akanipiga kikumbo. "Ehe, shoga! Kumbe mwalimu ni yeye? Na wewe kazi yako ilikuwa kukunja mikeka?"

Wanawake wakaangua kicheko. Alikuwa akinitania tu. Binti yake mwenyewe nilimfundisha mimi. Kwa nini sikulifunua lile pazia? Kwa nini?

Nyumbani nikamwuliza mume wangu. Akasema makofi yalimkatiza, na kwamba mume na mke ni kitu kimoja. Nikamwambia, basi, aende kwa afisa akamsemee Mwanakombo. Akajibu, "Inshallah, kesho." Kesho ikazaa kesho nyingine. Nilishinda nikienda mlangoni na kurudi, na kila alipovua viatu nilimsoma uso.

Hatimaye nikaujua ukweli. Babake Mwanakombo alitaka kumwoza kwa mfanyabiashara mmoja mzee wa Changamwe. Na nani aliyeombwa shauri? Mume wangu! Sasa kila baraza lilimwamkia kwa jina la "Mwalimu", na kumpinga mzazi kungempunguzia utukufu ule mpya. Akaiunga mkono ndoa.

Nikavaa buibui, nikavuka feri hadi ofisini kwa afisa. Alinikaribisha kwa adabu. Akaniambia anawaheshimu sana wake wanaowasaidia waume zao, ila amekwisha kumwuliza mwenye nishani, naye amesema msichana huyo hafai kwa masomo. Hafai! Mwanakombo hafai! Ningebisha kwa neno la nani? Niliyemtuma anisemee ndiye aliyenifunga kinywa.

Wiki hiyohiyo Mwanakombo akaozwa. Nikadai talaka, nikaipata... na kwa kuwa ua ulikuwa wa mume, wasichana nao wakatawanyika.

Miaka mingi baadaye, nikitoka kumtazama mgonjwa hospitali ya Port Reitz, mwanamke alinishika mkono. "Shikamoo, mwalimu." Ni Mwanakombo! Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nikaanza kulia, nikamwomba radhi. Akanisikiliza hadi nikamaliza.

"Siku ya nishani nilikuwa nyuma yako, pale penye pazia," akasema taratibu. "Nilidhani utasema." Kisha akamvuta mbele binti yake mdogo. "Huyu anapenda kusoma. Nitamleta kwako. Lakini safari hii, mwalimu, utasema?"

Nilitikisa kichwa tu kukubali, nikaondoka hima, nikatembea bila kujua niendako...

Dada zangu, nawasihi. Kazi mliyoitenda kwa mikono yenu, isemeni kwa vinywa vyenu, hata kama sauti itatetemeka, hata kama aliyejitolea kuwasemea ni mtu mnayempenda. Mimi niliona haya kutajwa, nikadhani haya ile ni yangu peke yangu. Gharama yake aliilipa mtoto wa mwenzangu.